Kisiwa cha Kilwa na Dhahabu ya Bara



Hapa kwetu Luhwindja mtoto hulisikia neno dhahabu, au zahabu kama wengi wetu tulitamkavyo, kabla ya kujua kuandika jina lake. Dhahabu imo katika vijito vyetu na katika mlima wa Twangiza. Wazee wetu wengi wameitafuta kwa jembe na karai. Mwaka 2011 mgodi mkubwa wa mashine ulianza kuitoa, na jamaa nyingi zilihamishwa kutoka mlimani zikapelekwa Cinjira. Ikiisha kutoka ardhini huteremka milima, hufika mjini Bukavu, na baada ya hapo macho yetu hayaioni tena.

Kwa sababu hiyo yafaa tujue habari za kisiwa kimoja cha mbali, ambacho udongo wake hauna hata punje moja ya dhahabu, na ambacho hata hivyo kilipata kujulikana kwa dhahabu katika nchi nyingi. Jina lake ni Kilwa. Habari zake ni za karne ya 9 hata karne ya 16, na ndani yake yamo mambo ya kufurahisha na mambo ya kusikitisha.

MAHALI PENYEWE

Kilwa Kisiwani iko katika bahari ya Hindi, upande wa kusini wa Tanzania, mwendo wa kilometa 300 hivi kutoka Dar es Salaam. Msomaji asikilinganishe na kisiwa chetu cha Idjwi, ambacho tukisafiri kwa meli kutoka Bukavu kwenda Goma hukiona saa nyingi pembeni mwetu, na milima yake na mashamba yake. Kilwa ni kisiwa kidogo, tena cha chini. Pwani zake zimezungukwa na mikoko, yaani miti imeayo katika maji ya chumvi. Msafiri hupanda dau katika mji wa Kilwa Masoko ulio barani, akavuka mlango wa bahari wa kilometa mbili hivi, akateremka mchangani.

Jambo la kwanza aonalo ni ngome yenye kuta nene iliyo ukingoni mwa maji. Wenyeji huiita Gereza. Akipita hapo akafuata njia chini ya mibuyu na minazi, hufika penye magofu ya Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kale ilijengwa katika karne ya 11 au ya 12. Mwanzoni mwa karne ya 14 ukapanuliwa sana, ukawekewa nguzo nyingi, na juu yake kuba na matao. Akienda tena upande wa mashariki, hufika penye jabali juu ya bahari, na huko yamelala magofu ya jumba la Husuni Kubwa, lililokuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua kubwa, na birika la kuogea lenye pande nane. Katikati ya magofu hayo watu wangali wanaishi, wavuvi na wakulima, na watoto wao huchezea penye kuta za masultani.

Kuta hizo zote zimejengwa kwa matumbawe, yaani mawe ya baharini. Mafundi waliyakata majini yangali laini, wakayachonga upesi, maana yakipigwa na hewa huwa magumu. Matumbawe mengine waliyachoma juu ya kuni nyingi ili kupata chokaa. Dari zilishikiliwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti hizo si ndefu, hata vyumba vya matajiri vilikuwa vyembamba, upana wa mita tatu au pungufu. Hivyo mgeni apimaye chumba cha jumba la kifalme apima kumbe urefu wa mti wa pwani.

WENYEJI NA WAGENI

Ni nani aliyeujenga mji huo? Watu wa Kilwa walikuwa na masimulizi ya kale, nayo yametufikia kwa njia mbili: katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichotoka mwaka 1552, na katika maandishi ya Kiarabu ambayo nakala yake imehifadhiwa London. Yasemwa kwamba mwana wa mfalme wa Shirazi, katika nchi ya Uajemi, jina lake Ali, alidharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Akaondoka kwao kwa merikebu, akafika Kilwa, akakuta kisiwa kina watu wake, na mtawala wao ni mtu wa bara. Ali akamwomba kisiwa. Mtawala akadai nguo, na masimulizi ya Kiarabu yasema zilikuwa nyingi hata kutosha kukizunguka kisiwa chote. Ali akazitoa. Siku zile mtu aliweza kuvuka kwa miguu maji yakipwa. Mtawala alipoondoka na kukusudia kurudi na watu wake, wageni walikwisha kuchimba mlango wa bahari, maji yakawa mengi, njia ikafungwa.

Sisi watu wa Bushi twaijua kalinzi: mtu hutoa ng'ombe kwa Mwami ili apewe shamba la kukaa yeye na watoto wake, na kwa ng'ombe huyo huwa mtu wa Mwami huyo. Basi twaweza kujiuliza kama yule mtawala wa bara alidhani ameuza kisiwa, au alidhani amempokea mgeni na kumpa mahali. Masimulizi yaliandikwa na upande wa mnunuzi. Neno la mtoaji halikuandikwa.

Wataalamu wa mambo ya kale wameipima hadithi hiyo kwa jembe. Mwingereza Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960, na wengine wakamfuata. Walikuta kwamba kisiwa kilikuwa na watu tangu karne ya 9. Watu hao walijenga kwa miti na udongo, walivua samaki, walifua chuma, na vyungu vyao ni vya namna moja na vile vya Waafrika wengine wa pwani. Nyumba za mawe zilikuja baadaye, kidogo kidogo, mahali pale pale. Hakuna dalili ya mji mzima kuletwa na merikebu kutoka ng'ambo.

Je, wale Waajemi ni uongo mtupu? Hapana. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao kutoka miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo. Katika wengi wao, zaidi ya nusu ya urithi wa damu ulitoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama. Sehemu kubwa nyingine ilitoka Asia, na hiyo zaidi kwa wanaume wa Uajemi, pamoja na sehemu ya Uhindi. Kuchanganyika kwao kulianza kama mwaka 1000. Kwa hiyo wazee wa Kilwa hawakudanganya waliposema wana babu wa Shirazi. Ila waliwasahau bibi zao, ambao kwao ndiko kulikotoka lugha, chakula na malezi. Wahenga wasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Kilwa mgeni alikuja na dini ya Kiislamu, maandishi na biashara. Mwenyeji alikuwa na nchi, chuma, mashua na maneno ya kuyataja hayo yote.

PEPO MBILI

Huenda mwanafunzi akauliza: kwa nini Kilwa, wala si kisiwa kingine? Jibu liko katika pepo. Katika bahari ya Hindi upepo wa kaskazi huvuma tangu mwezi wa Desemba hivi hata Machi, ukasukuma vyombo kutoka Uarabuni na Uhindi kuja Afrika. Halafu hugeuka, kusi huvuma, ukavirudisha kwao. Jahazi lililotoka Uarabuni liliweza kufika Kilwa na kurudi katika msimu mmoja. Likipita kwenda kusini zaidi lilikuwa katika hatari ya kukosa upepo wa kurudi na kungoja mwaka mzima.

Na dhahabu ilikuwa kusini. Ilichimbwa na Waafrika wa nyanda za juu za Zimbabwe, ikachukuliwa kwa miguu mpaka bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Kilwa. Watu wa Kilwa walifanya kazi ya katikati. Vyombo vyao vilipeleka Sofala nguo na shanga za kioo, vikarudi na dhahabu na pembe za ndovu. Na kaskazi ilipoleta wafanya biashara wa ng'ambo, mali ilikuwa tayari ghalani, imekwisha kulipiwa ushuru. Nguo nyingine zilitoka Uhindi, lakini si zote. Chittick na wenzake walikuta vigurudumu vingi vya udongo vya kusokotea pamba, ishara kwamba mikono ya Kilwa yenyewe ilikuwa kazini. Walikuta pia vigae vya sahani za Uchina na za Uajemi.

SULTANI MKARIMU

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri mashuhuri wa Moroko, Ibn Battuta. Aliuona mji akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Aliandika kwamba wakazi wake wengi ni watu weusi sana, wenye chale usoni. Sultani wa wakati huo, Hasan bin Sulaiman, aliitwa Baba wa Vipaji kwa ajili ya ukarimu wake. Siku moja maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa.

Huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, na jumba lenyewe halikumalizika. Ndiye pia aliyetoa sarafu za dhahabu, ambazo zimepatikana chache tu. Sarafu za shaba za Kilwa zilikuwa nyingi, nazo zilisafiri. Moja yenye jina lake iliokotwa Zimbabwe Kuu, penye zile kuta za mawe za barani. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na askari mmoja mchangani, katika kisiwa kilicho kaskazini ya Australia. Ni nani aliyezifikisha huko? Mpaka leo ni fumbo.

Lakini tusisome habari hizi kwa jicho moja. Ibn Battuta huyo huyo aeleza kwamba Sultani alikwenda mara nyingi kushambulia nchi za watu wa bara na kuteka nyara. Tena asema kwamba mwana wa Sultani, alipotaka kuzirudisha zile nguo za baba yake, alimlipa yule maskini watumwa kumi. Na baba mtu, aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaongeza watumwa kumi wengine na pembe za ndovu. Hivyo katika hadithi moja ya ukarimu wamo watu ishirini waliotolewa kama vitu. Walikuwa na mama zao na majina yao, nasi hatulijui hata jina moja. Uzuri wa Kilwa ulikuwa wa kweli, na machozi hayo yalikuwa ya kweli pia.

MISALABA MIWILI

Mwishoni mwa karne ya 15 Kilwa ilikuwa imedhoofika. Wakubwa waligombea kiti, na Amiri Ibrahim aliyetawala hakuwa wa ukoo wa masultani. Sofala ilianza kujitenga. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwaka 1500 zilifika merikebu za Wareno chini ya Pedro Álvares Cabral. Mwaka 1502 akaja Vasco da Gama na mizinga yake, akamtisha Amiri kwamba atauchoma mji asipomtii mfalme wa Ureno na kumlipa kodi ya dhahabu. Amiri akalipa. Tarehe 24 Julai 1505 akaja Francisco de Almeida na askari wengi, akauteka mji.

Mambo ya siku hiyo yaliandikwa na Hans Mayr, mtu aliyekuwa katika merikebu hizo hizo, si adui yao. Alikadiria watu wa mji kuwa 4,000. Asimulia kwamba mapadri Wafransisko waliteremka pwani na misalaba miwili, wakaenda kwa maandamano wakiimba Te Deum mpaka jumba la mtawala. Msalaba ukawekwa hapo, mkuu wa jeshi akasali. Kisha watu wakaanza kuupora mji, wakachukua bidhaa na vyakula.

Sisi Wakristo haitupasi kuruka ukurasa huo. Msalaba uliingia Kilwa siku moja na wanyang'anyi, na kwa macho ya mwenye nyumba iliyovunjwa mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Wareno walijenga ngome, wakaiita Santiago, yaani Mtakatifu Yakobo. Lakini biashara haikuwangojea. Wachukuzi wa dhahabu walitafuta njia nyingine na bandari nyingine, faida ikawa kidogo, na mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome na kwenda zao. Lile lililokusanywa kwa mapatano ya vizazi vingi halikupatikana kwa mizinga. Mji uliendelea kuwako, na masultani wengine walitawala baadaye, lakini ukuu wa zamani haukurudi.

MONSTRANSI YA LISBON

Je, dhahabu ile aliyoilipa Amiri Ibrahim ilikwenda wapi? Kwa mara hii moja twaweza kujibu. Vasco da Gama alimpelekea Mfalme Manuel I miskali 1,500 za dhahabu ya Kilwa. Miskali moja ni zaidi kidogo ya gramu nne. Jumla yake basi ni kilo sita na zaidi. Mfalme akaagiza itengenezwe monstransi ya kuwekea Sakramenti Takatifu. Kazi hiyo, inayosemwa kuwa ya mfua dhahabu Gil Vicente, ilimalizika mwaka 1506. Leo imo katika jumba la makumbusho la sanaa ya kale mjini Lisbon. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka mahali pa Hostia, na chini, penye kitako, yamechorwa maneno yanayotaja kodi ya Kilwa.

Kila mmoja wetu aliyepiga magoti wakati wa Baraka ya Sakramenti aelewa nia ya kumpa Mungu kilicho bora. Heshima hiyo ni haki. Lakini tuifuate dhahabu ile nyuma, hatua kwa hatua: kutoka Lisbon hata merikebu, kutoka merikebu hata Amiri mwenye hofu, kutoka Kilwa hata Sofala, kutoka Sofala hata shimo jembamba katika nchi ya Zimbabwe, na ndani ya shimo mtu aliyeinama na taa au mwenge mkononi. Mfalme aliandikwa, mahali palipotozwa pakaandikwa, hata fundi akajulikana. Mchimbaji hakuandikwa popote.

YALIYOBAKI

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya jirani yake Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu 2004 hata 2014 yalihesabiwa kuwa katika hatari, kwa maana bahari ilikuwa ikila pwani na kuta zikianguka. Zikafanyiwa matengenezo, yakatolewa katika orodha ya hatari.

Lakini urithi mkubwa zaidi hauko katika mawe. Ni lugha hii tunayoisoma. Mzizi wake ni wa Kibantu, ndiyo sababu Mshi akisikia mtu, au nyama, hujiona yu karibu na nyumbani. Juu ya mzizi huo Mwarabu alipandikiza dhahabu na kitabu, Mwajemi bandari, Mhindi gari, Mreno meza na bendera. Hata jina la ile ngome ya pwani ni ushahidi: wataalamu wa lugha husema kwamba gereza latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Sisi huku Kivu nyumba ya wafungwa twaiita buloko. Watu wa pwani waliita kwa jina la kanisa nyumba yenye kuta nene iliyofunga watu. Katika karne ya 19 Kiswahili kilipanda bara kwa njia za misafara, ambayo mingi ilikuwa ya pembe na ya watumwa, kikafika kwetu. Leo Mshi, Mrega na Mfulero wakikutana sokoni husikilizana kwa lugha hiyo.

Basi, wazazi na wanafunzi wa Luhwindja, tujipime. Kilwa haikuwa na dhahabu, lakini ilijua hesabu ya kila kilichopita mikononi mwake. Kwa ushuru wa dhahabu ya wengine ilijenga nyumba na msikiti, ikasokota pamba, ikaandika habari zake yenyewe. Wenye dhahabu walibaki bila jina. Sisi ndio wenye dhahabu, na dhahabu ya mlima haioti tena kama muhogo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mji wa Luhwindja ambamo gramu moja imeingia, ni haki watoto waonyeshwe ilichokifanya: ada ya shule iliyolipwa, bati juu ya nyumba, ng'ombe zizini, au dawa ya mgonjwa. Na kijana ajuaye kuandika aketi karibu na wazee wachimbaji, aandike majina yao, mwaka walioanza kazi, mashimo waliyoyachimba, na wenzao waliofukiwa humo. Kazi hiyo haidai fedha, yadai daftari na jioni chache tu. Nayo ianze wazee hao wangali hai.